Usiandike "Yaya" Kwenye Bahasha

Lodwar,
Ijumaa, 6 Agosti 1999

Mdogo wangu Félicité,

Sasa hivi tu mwanangu Aluel amepanga viatu vya watu wote wa nyumba hii mbele ya mfereji, kimoja nyuma ya kingine, kama mitungi kwenye foleni ya maji kule kwetu kambini Kakuma, halafu akaketi chini kulinda nafasi yake. Nimemwambia, mama yangu, hapa mfereji ni wa nyumba moja, ukitaka maji unafungua tu. Akaniangalia kama mtu anayedanganywa. Kiatu cha Bwana Lokorio, mwenye nyumba, ndicho cha kwanza kwenye mstari. Aluel ana miaka mitatu na tayari anajua wakubwa hutangulia.

Tulifika salama Jumatano. Barua hii nampa Justin, yule mkalimani wa kliniki. Yeye huja na wagonjwa hospitali hapa Lodwar na akirudi anapita kwako. Naandika mwenyewe, kwa hiyo makosa uyaruke kama unavyoruka mashimo njia ya sokoni.

Félicité, asante. Nilikuambia sitaki kuja. Nilisema mtu ambaye mume wake amekwenda Sudan miezi kumi na moja bila hata salamu haendi likizo. Ukanifunga hiki kikwembe chako kiunoni, kile kizuri cha kutoka kwenu, ukasema, "Nenda, uso wako umekauka." Sasa nimekaa kwenye kochi la Sista Akidor, nesi wetu wa kliniki, maua ya kikwembe yote yako nje, na uso umeanza kurudi.

Nyumba ni ya mawe, na nyuma yake kuna mikoma, na nyuma ya mikoma kuna mto Turkwel. Mto una maji! Si kama Tarach yetu, ambayo ni mchanga mtupu mpaka siku inayotaka kubeba watu. Asubuhi nililala mpaka jua likapanda, kisha nikashuka na Aluel tukanawa miguu, tukarudi chai iko mezani.

Sista ni mtu mzuri kuliko nilivyofikiri. Siku tuliyofika nilikaa hapa kochini na yeye mwenyewe akaniletea chai. Nikasema sukari kidogo tena, akaenda akaleta. Jioni aliosha vyombo peke yake, nikamwambia, "Sista, unafanya kazi vizuri, Mungu akubariki." Akanitazama kwa muda. Nadhani hajazoea kusifiwa. Na ananiamini sana. Mtoto wake Ekiru, wa miezi saba, ameniachia tangu asubuhi mpaka mchana yeye akaenda mjini. Hakuna anayemwachia mtu baki mtoto wake hivyo.

Jana jirani alichungulia juu ya ua akauliza, "Huyu ni nani?" Sista akasema bila kusita, "Huyu ndiye yaya wangu." Hakulivuta neno mwishoni kama wewe, alilisema haraka, lakini moyo wangu ulijaa. Siku mbili tu, na tayari ananiita dada yake mkubwa mbele ya watu! Nilidhani hilo neno ni la kwenu Uvira peke yake. Kumbe limefika na huku.

Jumapili baada ya misa Bwana Lokorio, mume wake, atatupeleka ziwani Kalokol. Njiani kuna mawe yaliyosimamishwa na watu wa zamani, hakuna anayejua ni lini. Nitakuandikia yote.

Wasalimie kina mama wa kwaya.

Yaya wako,
Akuch


Juu ya bahasha: YAYA AKUCH, nyumbani kwa Sista Akidor, Lodwar

Kakuma, tarehe 9 Agosti 1999

Yaya,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza mi peke yangu, mara ya pili kwa bamama ba kwaya, mara ya tatu kwa Liliane wa kwaya, juu alichelewa. Pale pa kochi walipiga vigelegele. Pale pa sukari Liliane akasema, "Huyo sasa ni madame!" Sasa mutaa wote unajua Yaya yangu eko congé, eko likizo, na hata majirani wa lugha zingine wananiuliza kila siku umekula nini.

Njo nikuambie vile ilikuwa, maana sikukuambia yote. Ile siku Sista alikuja nimsuke. Kichwa chake kilikuwa mikononi mwangu, akasema, "Félicité, naenda likizo Lodwar kwa mume wangu. Natafuta yaya wa kwenda na mimi. Awe mpole, anayependa watoto. Hata kama ana mtoto wake, aje naye." Mi nikaona huruma. Nikasema moyoni, huyu mama watu wote wanamuita Sista, kila mgonjwa Sista, Sista, kumbe yeye mwenyewe hana yaya hata mumoja. Congé hawezi kwenda bila dada wa kuongea naye.

Akaniuliza, "Kwani wewe huwezi?"

Nilitaka, Yaya. Ujue mi ni mtoto wa ziwa. Uvira nilikuwa ninaamka Tanganyika iko mlangoni. Tangu nimekuja huku sijaona maji ambayo mwisho wake hauonekani. Lakini mi ni mudogo kwa Sista, nitakuwaje yaya yake? Na uso wako ulikuwa umekauka. Nikasema, niko na mtu.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Ukifika kwenye ziwa, ingia mpaka magoti, useme jina langu. Vile tu. Halafu uniambie maji yalijibu nini.

Na habari njema nimeiweka mwisho ili usiruke zingine. Kwaya yetu imealikwa kuimba Lodwar, Jumapili tarehe 22! Padri ameomba karatasi ya ruhusa kwa watu kumi na wawili na mi niko ndani. Misa ikiisha nakuja pale nyumbani. Nitakaa kwenye kochi pamoja na wewe, na mi pia nitaomba sukari.

Mudogo wako,
Félicité


Lodwar,
Ijumaa, 13 Agosti 1999

Félicité,

Barua yako ilifika jana. Sista ndiye aliyeipokea kwa Justin. Asante.

Kalokol tulikwenda. Mawe niliyaona, yako kando ya barabara. Mengine yananifika magotini, mengine kiunoni, yameinama huku na huku kama watu waliochoka kusimama. Bwana Lokorio anasema hao walikuwa watu wanacheza ngoma. Akapita mgeni wa ajabu, akawaambia, "Mtu asinicheke." Wakamcheka, wakageuka mawe hapo hapo, kila mmoja na mkao wake. Anayepita huokota kijiwe akakiweka juu ya kichwa cha mmoja wao. Niliweka kimoja, kwa ajili ya mume wangu Gai. Aluel aliweka vitano, alisema ni chakula chao.

Tulipokuwa tunarudi niliyatazama tena kutoka kwenye gari, nikaona hadithi hiyo watu wameigeuza. Hao hawakucheka. Hao walichekwa.

Ziwa ni kubwa na rangi yake ni ya kijani. Sikuingia. Lina mamba.

Nina mambo mawili ya kukuomba. La kwanza, usiandike Yaya kwenye bahasha. Andika Akuch, Mama Aluel, inatosha. Hata ndani ya barua, ukiweza. La pili, Jumapili ya kwaya usije huku nyumbani. Sista atakuwa na wageni wengi. Nikipata nafasi nitakutafuta mimi kanisani.

Kochi lipo. Wote wazima. Kikwembe chako nimekifua nikakikunja.

Akuch


Juu ya bahasha: MADAME AKUCH, kwa wakubwa, Lodwar

Kakuma, tarehe 16 Agosti 1999

Madame Akuch,

Bahasha nimeiandika vile ulitaka. Yaya haiko tena.

Niliisoma barua yako kwa kwaya mpaka pale pa mawe, halafu nikaikunja, nikasema zingine ni salamu tu. Liliane aliniangalia. Eko na macho, yule.

Nimefikiri siku mbili na nimeelewa. Mtu wa kochi akipata bahasha imeandikwa Yaya, wenye nyumba watauliza, huyu mudogo wako ni nani? Utajibu nini? Ni Mkongomani mumoja, anasuka watu sokoni chini ya turubai? Njo maana nisikuite. Njo maana nisifike kwenye mlango. Sista eko na wageni. Na mi si mgeni?

Unakumbuka Aluel alipokuwa na homa ile, ulikuwa unalia kwa Kidinka nyuma ya ua wa miiba? Mi sikujua neno hata moja ya kwenu. Nilikuita nini? Sikusema jirani. Sikusema mama fulani. Nilisema Yaya, nikaivuta mpaka uisikie, na uliitika. Ulikuwa hujui maana yake na uliitika.

Ile neno njo kitu kimoja nilichotoka nacho kwetu bila mtu kuninyang'anya njiani. Yaya yangu wa tumbo moja alibaki Uvira, chini ya udongo. Sikutaka neno ibaki naye pale.

Na uongo ya mamba usinipe mi. Mi ni mtoto wa ziwa. Mamba wako kila ziwa. Unauliza wenyeji pa kuingia, na unaingia. Hukutaka tu kusema jina langu.

Kikwembe baki nayo. Jumapili nitaimba, nitapanda lori, nitarudi.

Félicité


Lodwar,
Alhamisi, 19 Agosti 1999

Félicité, mdogo wangu hata kama hutaki nikuite hivyo,

Barua hii usimsomee mtu, hata Liliane. Keti kwanza.

Huku Kenya yaya si dada mkubwa. Yaya ni mtu wa kazi. Ni mwanamke anayeajiriwa kulea mtoto wa wenyewe, na kufua, na kupika. Sista hakuwa anatafuta dada. Alikuwa anatafuta mtumishi, akakuambia vizuri kabisa kwa Kiswahili cha kwao, na wewe ukamsikia vizuri kabisa kwa Kiswahili cha kwenu. Na mimi neno hilo nililipata kwako. Shuleni kambini walinifundisha mwalimu, daktari, mkulima. Yaya halikuwepo kitabuni. Na kule kwetu nani ana mtu wa kumshikia mtoto?

Sasa soma tena barua yangu ya kwanza. Mimi siwezi.

Nilijua hivi. Tulipofika ufuoni nilikuwa na ombi lako kifuani. Ndiyo, ulikuwa hujaliandika bado, lakini nilijua wewe ni mtu wa maji, nilikuwa nimepanga kuingia kwa ajili yako bila kuambiwa. Nilivua viatu. Nikakunja kikwembe. Ekiru alikuwa mikononi mwangu, nikamkabidhi mama yake, nikamwambia, "Sista, hebu mshike kidogo, mimi na mtoto wangu tukaoge." Nilisema kwa upole, kama dada.

Wifi yake Sista alikuwepo, dada wa Bwana Lokorio, mama muuza samaki, mdomo wake hauna mlango. Aliweka beseni chini, akatoa salamu ya kwao.

"Ejok, Sista! Huyu yaya wako ni yaya ama ni mgeni wa DC?"

Watu wote wa pale wakacheka. Na mimi nilicheka, Félicité. Nilidhani ni utani wa undugu. Nikajipiga kifua nikasema, "Mimi ni yaya kabisa! Yaya kuliko mayaya wote!"

Basi hapo mmoja alikaa mchangani kwa kicheko. Wifi akapangusa macho na mkono wenye magamba ya samaki.

"Yaya kabisa, na mwenye mtoto ndiye anabeba mtoto? Ndivyo mnafundishwa huko Kakuma?"

Nikauliza, "Kwani yaya ni nini?"

"Yaya," akasema, "ni mtu wa kushika mtoto ili mama yake aoge."

Sista hakucheka sana. Alikuwa anatazama maji. Akasema, "Wacheni basi, ni mgeni, bado anajifunza." Kule kunitetea ndiko kuliniua. Maana nilielewa kwamba siku zote zile alikuwa ananivumilia.

Siku zikaanza kurudi moja moja kama mbuzi jioni. Chai. Sukari. Kulala mpaka jua likapanda. Kiti cha Bwana Lokorio mezani, nilikikalia, akala amesimama dirishani nikafikiri anapenda upepo. Siku ya tatu nilimwambia Sista mchuzi umezidi chumvi. Nilimwambia, Félicité! Na yeye akasema, "Pole."

Nilimchukua Ekiru, nikamfunga mgongoni kwa kikwembe chako, nikaligeuzia ziwa mgongo. Aluel alikuwa ameshaingia, maji yanamfika vifundoni, ananiita niende. Nilikuwa hatua kumi tu, na jina lako liko mdomoni. Sikulisema. Mamba niliyekuandikia ndiye huyo.

Alhamisi iliyofuata ikaja bahasha yako. Sista aliisoma kwa sauti sebuleni, "Yaya Akuch." Akafurahi, hakuwa na ubaya wowote. Akasema, "Ona, hata rafiki yako ameandika kazi yako juu ya bahasha ili barua isipotee." Bwana Lokorio akacheka. Neno uliloniita siku ya homa ya Aluel likawa kama kibao nimefungwa shingoni. Ndiyo maana nikakuambia usiliandike. Si kwa sababu nilikuonea haya. Wewe!

Kazi si aibu. Tangu Jumapili ile naamka kabla ya jogoo, nafua, napika, napunguza chumvi. Kulea mtoto najua kuliko sala. Sista ni mtu wa haki, chakula changu na cha Aluel ni kile kile chao. Aibu si kwamba ninafanya kazi. Aibu ni kwamba nilikaa. Kila nikipita na ufagio mbele ya lile kochi nasikia uso unawaka, kama limekumbuka.

Nikawaza utakuja na nguo za kwaya, utakaa hapo, utaomba sukari, na wataangaliana. Nilitaka wasikucheke nilivyochekwa mimi. Basi nikakufungia mlango, nikakuumiza kuliko wao wangeweza.

Justin anasema gari lao litarudi kesho likipata mafuta. Naomba ikufikie kabla ya lori la kwaya.

Neno ni lako. Ukitaka kunivua, nivue. Lakini usinivue kwa sababu ya kochi. Malesh, mdogo wangu. Kwa Kiarabu chetu cha Juba hilo ni moja tu, halina maana mbili. Ni nisamehe.

Akuch


Lodwar,
Jumapili, 22 Agosti 1999

Félicité,

Sijui barua hii itabebwa na nani. Justin sijamwona tena. Sijui kama ile ya Alhamisi iliwahi kukufikia au bado iko mfukoni mwake kwenye gari lisilo na mafuta. Naandika tu, nimekaa kwenye beseni nililolipindua chini, karibu na mfereji, nasubiri nguo zikauke.

Misa imeisha. Sikwenda. Ekiru anaota jino, ana homa kidogo, na Sista hakulala. Nilimwambia apumzike. Lakini upepo ulitoka upande wa kanisa na ulileta ngoma yenu mpaka hapa. Nilisimama na shati la Bwana Lokorio mkononi, linachuruzika miguuni, nikasikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na sauti moja ilipanda juu ya zingine ikakataa kushuka. Nilijua ni yako. Nilijua pia kwamba bado umekasirika.

Jana nilimwambia Sista. Sikupanga. Nilikuwa nafua, akaja kuchukua nepi, nikasema, Sista, kuna jambo. Nikamweleza neno lako. Nikamwambia mimi nilikuja Lodwar kuwa dada yake mkubwa.

Alicheka, Félicité. Alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda cha kufulia. Halafu kicheko kikakatika katikati.

"Kwa hivyo ile chumvi..."

"Ndiyo, Sista."

"Na pale uliponibariki kwa kuosha vyombo?"

"Nilikubariki kweli."

Akasema, "Mimi nilikuwa nasema, huyu mama ana madharau, lakini mtoto anampenda, wacha nivumilie. Kumbe wewe ulikuwa unanipenda tu." Uso wake ukageuka, akatafuta mahali pa kuuweka. Akauinamisha kwenye beseni, akatoa nguo moja, akaanza kukamua. Tulifua wote wawili mpaka beseni likabaki povu. Aliponyanyuka akasema, "Lakini kesho na kesho kutwa zamu ni yako, yaya," na mimi nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu ufuoni. Ameniuliza kama likizo ikiisha nitaendelea naye kule Kakuma mjini, nirudi kambini kila jioni. Nimesema nitajibu. Nataka kwanza nikuulize wewe, kama bado unaulizika.

Kikwembe chako nilikitoa asubuhi. Nilikuwa nimepanga kukivaa, nikae kochini, nishike kikombe, ikiwa utakuja bila kujali nilivyokukataza. Nimekirudisha. Nimevaa gauni la kufulia, lile lenye kiraka, na nywele ziko vile Mungu alivyoziacha. Kama ungekuja ungenikuta hapa mferejini na kochi lingebaki lenyewe ndani. Tungeshuka mtoni. Maji ya Turkwel sasa yanafika vifundoni tu, lakini tungesema ni ziwa, na ningetaja jina lako mbele yako, usikie mwenyewe kama yanajibu.

Malori ya Kakuma huondoka saa tisa. Jua limeshapita juu ya mikoma. Nitaliona vumbi lenu kutoka hapa.

Aluel amepanga viatu tena. Changu cha pili, cha Sista cha tatu, cha Bwana Lokorio leo kimewekwa nyuma kabisa. Mbele ya vyote ameacha pengo na anamfukuza kuku asilikanyage. Nimemuuliza nafasi hiyo tupu ni ya nani. Amesema, "Ya Félicité. Anakuja na mtungi."

Nimemwambia watu wa lori hawana

Kuna mtu anaita Yaya huko getini. Sista amelala ndani na Ekiru, na yeye huita kwa kifupi, kama anayefunga mlango. Hii imevutwa, inapanda mwishoni, kama inaitwa kutoka ng'ambo ya maji. Aluel ameshatupa viatu, anakimbia. Nimeitika "Abee!" kabla sijafikiri ni yaya yupi anayeitwa, wao au wako, na mikono yangu bado ina sabuni, na kama ni wewe basi barua hii haina kazi tena, na kama si wewe ujue tu kwamba nili